Kituo cha televisheni kinapojitangaza, mfanyabiashara wa Musoma asome bei

SAMAKI mbichi asiyeuzwa leo katika mwalo wa Mwigobero, kesho bei yake si ileile. Hata hivyo mwenye samaki ana njia: atatafuta barafu, ataanika au atakaanga, na mwisho wa siku atapata chochote. Mwenye kituo cha televisheni hana bahati hiyo. Sekunde 30 za saa 2 usiku zisipouzwa leo, haziwekwi ghalani. Zikipita zimepita.

Pamoja na hayo, kila jioni vituo huchukua bidhaa hiyo isiyotunzika na kuitumia kujitangaza vyenyewe: usikose mchezo wa Jumamosi, tamthilia mpya inaanza Jumatatu, baada ya taarifa ya habari endelea kuwa nasi. Hakuna anayelipia matangazo hayo. Mtazamaji wa kawaida huyaona kama kelele za kujaza nafasi, akainuka kwenda kunywa maji.

Mfanyabiashara hapaswi kuinuka. Tangazo ambalo kituo kinajipa chenyewe ni habari ya soko. Linaonyesha kituo kinatarajia watazamaji wapi, lini na kwa muda gani. Na wanakokwenda watazamaji ndiko zinakokwenda fedha za ving'amuzi, soda, betri na viingilio vya vibanda umiza. Wiki hii ukurasa huu unaeleza jinsi kazi hiyo inavyofanywa, kuanzia Uingereza ilikokomaa hadi hapa kwetu Musoma, Bunda na Butiama.

GHARAMA YA TANGAZO LA BURE

Tuchukue mfano wa hesabu ya kubuni. Kituo kinauza sekunde 30 kwa sh. 100,000. Kikitangaza kipindi chake kipya mara 10 kwa siku kwa muda wa siku 14, kimetumia nafasi 140. Kama nafasi zote hizo zingepata wanunuzi, kituo kimeacha sh. 14,000,000 mezani.

Bila shaka si zote zingepata wanunuzi. Nafasi ya saa 9 alasiri siku ya kazi huenda ingebaki tupu, na kuijaza kwa tangazo la kipindi hakumgharimu mtu kitu. Lakini nafasi iliyo jirani na taarifa ya habari, au ya mapumziko ya mechi ya Simba na Yanga, haikosi mteja. Kituo kinapokataa fedha ya mteja huyo na kuweka tangazo lake chenyewe, hicho ni kitega uchumi, sawa na mwenye duka anayeacha kula faida ya leo ili anunue friji.

Kwa hiyo jambo la kwanza la kusoma ni saa. Usihesabu tu kipindi kimetangazwa mara ngapi. Angalia kimetangazwa katikati ya kitu gani.

WAINGEREZA WALIVYOIFANYA BIASHARA

Nchini Uingereza BBC haiuzi matangazo ya biashara katika vituo vyake vya nyumbani. Hulipwa kwa ada ya leseni ambayo kila nyumba inayotazama hutakiwa kulipa. Kwa sababu hiyo, mwanya kati ya kipindi kimoja na kingine hauna mnunuzi wa nje, na BBC imeutumia kwa miaka mingi kutangaza vipindi vyake na kuonyesha nembo yake. Vituo vya biashara navyo havikuweza kukaa kimya.

Channel 4 ilipoanza Novemba 2, 1982, ilikuja na nembo ya vipande vya rangi vilivyoruka na kuungana kuwa tarakimu 4. Mbunifu wake alikuwa Martin Lambie-Nairn. Mwaka 1991 alishiriki pia kuibadilisha sura BBC2: tarakimu 2 ikaonekana kila mara kwa umbo jingine, mara ya chuma, mara ya rangi iliyomwagika. Lengo lilikuwa kuondoa fikra kwamba kituo hicho ni kizito na cha wasomi peke yao. Tangu hapo Waingereza wengi wakaelewa kuwa kituo nacho ni bidhaa yenye kifungashio, na kifungashio kikiwa kibaya hata unga mzuri hulala rafuni.

ITV ya Uingereza inatoa somo la pili. Ilianza Septemba 22, 1955, na ilijengwa kwa makampuni ya mikoa, kila moja na jina lake: Granada, Yorkshire, Anglia na mengineyo. Watu wa mkoa walilipenda jina la kwao. Lakini kutangaza kipindi kimoja cha nchi nzima kwa majina mengi ni gharama, na ushindani ulipokuwa mkali majina hayo yaliwekwa pembeni. Oktoba 2002 jina ITV1 likachukua nafasi ya majina ya mikoa kwenye luninga za Uingereza na Wales, na mwaka 2004 makampuni mawili makubwa, Carlton na Granada, yakaungana.

Somo la tatu ni la Oktoba 2007. Kituo cha UKTV G2, ambacho jina lake halikumwambia mtu chochote, kiliitwa Dave, jina la kawaida la mwanamume wa mtaani; ni kama hapa mtu akiita kituo chake Juma. Watazamaji waliongezeka, na wengi walisifu jina. Wanaosifu jina peke yake husahau kuwa wakati huohuo kituo kiliingizwa kwenye Freeview, huduma isiyo na malipo ya mwezi. Jina lilivuta, lakini mlango nao ulifunguliwa.

TUMBILI ALIPENDWA, KAMPUNI IKAFA

Somo la nne ndilo zito kuliko yote kwa mwekezaji mdogo. Mwaka 1998 makampuni ya Carlton na Granada yalianzisha huduma ya ving'amuzi vya kulipia, ONdigital. Mwaka 2001 ikabadilishwa jina kuwa ITV Digital, ikaja na matangazo ya tumbili wa kitambaa akiwa na mchekeshaji Johnny Vegas. Nchi nzima ilimpenda tumbili yule.

Wakati huohuo kampuni ilikuwa imesaini kununua haki za kuonyesha ligi za madaraja ya chini kwa pauni milioni 315 kwa miaka 3. Watu walipenda tangazo bila kununua huduma ya kutosha. Machi 2002 kampuni ikawekwa chini ya msimamizi wa mufilisi na Mei mwaka huo chaneli zake za kulipia zikazimwa. Vilabu vidogo vilivyokuwa vimeshapanga mishahara kwa kutegemea fedha hizo vilibaki na madeni. Tumbili yeye alipata kazi nyingine: kuanzia mwaka 2007 alitumika kutangaza majani ya chai.

Kwa maneno mengine, tangazo linalopendwa si ushahidi kwamba anayelitoa ana fedha. Wakala aliyejaza ving'amuzi dukani kwa kuangalia tangazo peke yake ndiye aliyebaki navyo.

HAPA KWETU: SAA, REDIO NA JINA LA UNGA

Zanzibar ilikuwa na televisheni ya rangi tangu miaka ya 1970, lakini Tanzania Bara ilisubiri hadi sheria ya utangazaji ya mwaka 1993 ilipofungua mlango kwa watu binafsi. Mwaka 1994 ikaingia ITV ya IPP, pamoja na vituo vingine vya Dar es Salaam kama DTV na CTN. Kanda ya Ziwa ikapata chombo chake kutoka Mwanza, Star TV, nyumba moja na Radio Free Africa. Televisheni ya Taifa ilikuja kwa jina TVT, ikaunganishwa na Redio Tanzania chini ya TUT, na tangu mwaka 2007 shirika likawa TBC. Kila jina jipya lililazimu kumfundisha mtazamaji upya.

Vituo vyetu havikuwa na fedha za Waingereza za kubuni nembo zinazoruka. Vilitumia silaha tatu za hapahapa.

Ya kwanza ni saa. Taarifa ya habari ya saa 2 usiku imekuwa kama mnada wa kila siku: watu wanajua inaanza lini bila kuambiwa. Kipindi kichanga huwekwa nyuma yake ili kirithi wateja ambao tayari wamekaa. Waingereza wana mbinu kama hiyo, ya kuweka kipindi dhaifu kati ya vipindi viwili vyenye nguvu ili kishikiliwe pande zote kama kitanda cha kamba. Mfanyabiashara anayenunua tangazo ndani ya kipindi kilichoshikiliwa namna hiyo anaweza kupata watazamaji wa kipindi kikubwa kwa bei ya kipindi kidogo, ilimradi awahi.

Silaha ya pili ni redio. ITV ina Radio One, Star TV ina Radio Free Africa, Clouds na Wasafi nao wana redio na televisheni. Redio humfikia dereva wa bodaboda, mama lishe na mvuvi aliye ziwani, watu ambao luninga wataiona usiku tu, kama wataiona. Ukisikia kipindi cha televisheni kinatangazwa mfululizo kwenye redio ya nyumba hiyohiyo, ujue wenye nyumba wamekubaliana kutumia hewa ya pande mbili kwa bidhaa moja. Hilo si jambo la kujaza pengo.

Silaha ya tatu ilionekana Desemba 2013, ilipoanza Azam TV ya kundi la Bakhresa. Wakati makampuni mengine yalilazimika kwanza kueleza jina lao, Azam ilikuwa tayari jikoni: unga, juisi, aiskrimu, na uwanjani kulikuwa na Azam FC, iliyochukua ubingwa msimu wa 2013/14. Jina lililojengwa kwa mfuko wa ngano lilitumika kuuza king'amuzi. Kisha zikaja tamthilia za nje zilizotiwa sauti za Kiswahili, kama Sultan ya Kituruki, na zaidi ya yote, Ligi Kuu. Wakati wa kuingia nao ulikuwa mzuri: mitambo ya analojia ilizimwa Dar es Salaam Desemba 31, 2012, na miji mingine ikafuata kwa awamu, hivyo kila nyumba iliyotaka picha ilihitaji king'amuzi cha aina fulani.

Hata jina kubwa halitoshi ikiwa njia imefungwa. Agosti 2018 Mamlaka ya Mawasiliano, TCRA, iliagiza baadhi ya ving'amuzi vya kulipia, vikiwamo vya Azam, DStv na Zuku, viondoe chaneli za ndani zinazopaswa kuonekana bila malipo. ITV, Star TV, Clouds na nyinginezo hazikubadilisha nembo wala vipindi, lakini zilitoweka kwenye luninga nyingi. Mambo yalibadilika baadaye. Aliyekuwa amelipia matangazo kwa kuhesabu watazamaji wa ving'amuzi hivyo alijifunza kuuliza si kituo gani tu, bali pia kituo hicho kinapita wapi.

BIASHARA UNITED NA FEDHA ZA SKRINI

Musoma inalo somo lake. Biashara United, timu ya uwanja wa Karume, ilipanda Ligi Kuu msimu wa 2018/19. Ghafla jina la mji likaanza kutajwa wiki baada ya wiki katika bidhaa iliyotangazwa kuliko zote kwenye televisheni ya nchi hii. Msimu wa 2020/21 timu ilimaliza ya 4 na kupata nafasi ya Kombe la Shirikisho Afrika. Mwaka 2021 iliitoa Dikhil ya Djibouti, kisha ikaifunga Al Ahli Tripoli 2-0 Dar es Salaam. Haikusafiri kwenda Libya kwa mchezo wa marudiano, ikatolewa. Mwisho wa msimu wa 2021/22 ikashuka daraja.

Mei mwaka huohuo wa 2021 Azam Media na TFF walikuwa wamesaini mkataba wa miaka 10 wa haki za televisheni wenye thamani ya sh. bilioni 225.6. Baadaye ligi ikapata mdhamini wa jina, benki ya NBC, na kuitwa Ligi Kuu ya NBC. Fedha ilikuwapo katika ligi. Nembo zilikuwapo, matangazo ya vipindi yalikuwapo, lakini Musoma ilipokuwa kwenye skrini ilikuwa ni mandhari ya bidhaa ya mtu mwingine. Timu iliposhuka, kamera zilihamia kwingine, na hakuna kipengele cha mkataba kilichozuia hilo.

Katika miaka ile 4, mwenye hoteli, mwenye basi au muuza vifaa vya ujenzi wa mji huu angeweza kununua ubao kando ya uwanja na kuonekana na watazamaji wa ligi bila kulipia sekunde hata moja ya televisheni. Nafasi kama hiyo ina muda wa kuharibika. Ikirudi, inunuliwe kwa msimu mmojammoja, na mkataba useme nini kinatokea timu ikishuka.

NANI ANAKULA NINI MUSOMA?

Wa kwanza ni wakala wa ving'amuzi na vifurushi. Mauzo yake hufuata kalenda ambayo hakuiandika yeye. Kituo kinapoanza kutangaza mashindano wiki kadhaa kabla, na kinatumia nafasi za saa 2 usiku kufanya hivyo, huo ndio wakati wa kuagiza mzigo kutoka Mwanza. Atakayesubiri hadi wateja wajae dukani atanunua kwa bei ya jumla iliyokwishapanda na kulipia gari la haraka.

Wa pili ni mwenye kibanda umiza wa Nyasho au Bweri. Yeye hutumia matangazo ya kituo kama kibao chake, tena bure: watu wanafika wakiwa wameshashawishiwa. Hatari yake iko kwenye karatasi. Kifurushi cha nyumbani kwa kawaida hakitoi ruhusa ya kuonyesha kwa kiingilio, na mwenye haki akija na maofisa, kelele za washabiki hazitamtetea. Asome masharti, aulize kifurushi cha biashara ni kiasi gani, na aingize gharama hiyo kwenye kiingilio kabla ya msimu kuanza.

Wa tatu ni muuza luninga, betri na paneli za sola, hasa anayehudumia vijiji vya Butiama na Bunda. Huyu anafuata mashindano makubwa zaidi ya ligi. Kenya, Uganda na Tanzania ziliandaa CHAN mwezi Agosti 2025, na mwaka 2023 zilikuwa zimepewa uenyeji wa AFCON ya 2027. Mashindano ya nyumbani hutangazwa mapema na kwa muda mrefu, jambo linalompa nafasi ya kupanga mtaji wake.

Wa nne ni mwenye duka anayetaka kutangaza bidhaa zake. Kwake ushauri ni tofauti. Bei ya kituo cha taifa ina ndani yake watazamaji wa Mtwara na Tunduma ambao hawatakuja Musoma kununua bati. Mara nyingi fedha ileile itafanya kazi zaidi kwenye redio ya karibu, kama Mazingira FM ya Bunda, akitumia mbinu ileile ya vituo vikubwa: saa moja isiyobadilika, sauti moja, maneno machache, miezi mitatu mfululizo. Matangazo 60 yanayosikika kila siku saa ileile hukaa kichwani kuliko 60 yaliyotawanywa.

KWA MWENYE HISA

Mwekezaji mdogo naye asikae mbali na jambo hili. Nation Media Group ya Nairobi, yenye NTV na magazeti ya Mwananchi Communications, iliorodheshwa pia katika Soko la Hisa la Dar es Salaam mwaka 2011. Mwaka 2016 kampuni hiyo ilitangaza kufunga redio zake za QFM na Nation FM na kuiingiza QTV, kituo chake cha Kiswahili, ndani ya NTV. Nembo zilizojengwa kwa miaka kadhaa zikaondolewa hewani kwa sababu mapato hayakulingana na matumizi. Anayeshika hisa za kampuni ya habari asiridhike na jinsi kituo kinavyopendeza. Afungue hesabu za mwaka, aangalie mapato ya matangazo yanapanda au yanashuka, na gharama ya vipindi na haki za michezo inakua kwa kasi gani.

MASWALI KABLA YA KUTOA FEDHA

Kwa anayekaribia kusaini mkataba wa tangazo au udhamini, maswali haya yaulizwe na majibu yaandikwe:

1. Kipindi kinatangazwa na kituo chenyewe saa ngapi, na jina la mdhamini linatajwa ndani ya matangazo hayo au ndani ya kipindi tu? Kutajwa katika matangazo ya kipindi ndiko kwenye thamani kubwa, maana hurudiwa wiki nzima.

2. Kipindi kikihamishwa saa au kikifutwa, mteja anarudishiwa fedha au anapewa nafasi nyingine? Nafasi nyingine iwe ya saa ya thamani ileile.

3. Kituo kinaonekana katika ving'amuzi vipi hapa Mara, na katika kifurushi cha bei gani?

4. Ushahidi kwamba tangazo limerushwa utatolewa kwa orodha ya tarehe na saa?

5. Mshindani wa biashara yako anaweza kununua nafasi ndani ya kipindi hichohicho?

Msimu wa ligi kwa kawaida huanza Agosti, na vituo huanza kupiga debe wiki kadhaa kabla. Mfanyabiashara wa Musoma mwenye mtaji mdogo anahitaji daftari tu: kwa wiki 2 aandike kila usiku, kati ya saa 1 na saa 4, ni kipindi gani kimetangazwa, na kituo gani, mara ngapi na katikati ya nini. Wiki ya tatu atakuwa na orodha ya mahali fedha ya wenye vituo inapokwenda, na hapo ndipo aamue lake litakwenda kwenye mzigo, kwenye kibanda, kwenye tangazo, au libaki benki.